Mfinyanzi Hulia Gaeni: Historia ya Udongo, Moto na Punje, kutoka Kuta za Gudele hadi Kauri za Kunyunyizwa

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya maarifa ya kuugeuza udongo kuwa kitu kigumu kwa njia ya moto. Yanaanzia kwenye kuta za matofali za mtaa wa Gudele, magharibi mwa jiji la Juba, na kuishia kwenye teknolojia ya karne ya 20 ya kunyunyiza kauri iliyoyeyushwa na kisha kuitia joto ili ipate punje ndogo. Hoja kuu ni kwamba teknolojia hizo mbili, japo hutazamwa kama zisizo na uhusiano, zinatawaliwa na swali moja: joto kiasi gani, na kwa muda gani. Makala yanaonesha kwamba Kiswahili kina msamiati wa muda mrefu wa kulijibu swali hilo, ilhali istilahi zinazoundwa kwa haraka, hususan zile zinazotegemea neno "laini", zinaweza kupotosha maana kwa namna inayogharimu fedha na usalama. Mwisho, makala yanapendekeza istilahi chache na kuzisihi taasisi za lugha zianze kwa mafundi kabla ya kwenda kwenye kamusi za kigeni.

1.0 Utangulizi

Mtaa wa Gudele uko upande wa magharibi wa Juba, mbali kidogo na Mto Naili, na si mbali na Mlima Kujur. Juba yenyewe si mji mkongwe. Ilipewa hadhi ya makao makuu ya jimbo mwishoni mwa miaka ya 1920, utawala ulipohamishwa kutoka Mongalla. Gudele ni changa zaidi. Upanuzi wake mkubwa ulikuja baada ya mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, watu waliokuwa uhamishoni walipoanza kurejea, na ukaongezeka baada ya uhuru wa tarehe 9 Julai 2011. Mapigano yaliyozuka Juba tarehe 15 Desemba 2013 yaliukumba mtaa huu vibaya. Wengi walikimbia, baadhi wakarudi, na baadhi yao hawakukuta nyumba zao.

Kwa mtafiti wa historia, ukuta wa Gudele husomeka kama hati. Katika kiwanja kimoja utaona kibanda cha miti iliyokandikwa udongo, ukuta wa matofali mabichi yaliyokaushwa juani, chumba cha matofali ya kuchoma, na pembeni matofali ya saruji. Sehemu kubwa ya matofali ya kuchoma ya Juba hutoka kwenye matanuri ya kingo za Naili, ambako udongo wa mafuriko hukatwa, hufyatuliwa, huanikwa, hupangwa na kuchomwa kwa kuni.

Mwandishi wa makala haya si mhandisi wa kauri, bali mtafiti wa lugha aliyefika Gudele kufuatilia Kiswahili cha watu waliorejea kutoka Kenya na Uganda. Fundi mmoja wa kuchoma matofali, aliyejifunzia Kiswahili katika kambi ya Kakuma, alichukua matofali mawili na kuyagonga kwa kijiwe, moja baada ya jingine. Kwa macho yalilingana. La kwanza lililia kama kengele. La pili lilitoa sauti ya kufa. "Hili limeiva, mwalimu," alisema. "Hili bado bichi. Ukijengea hili, mvua italirudisha kuwa udongo."

Katika sentensi hizo fupi kuna nadharia nzima ya sayansi ya kauri. Makala haya yanauliza nadharia hiyo ilitoka wapi, inakutana wapi na teknolojia ya kisasa ya kauri zenye punje ndogo, na lugha yetu imejiandaa vipi kwa mkutano huo. Swali hilo lina uzito wa kisera. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Kadiri viwango vya bidhaa, zabuni na mitaala ya ufundi vitakavyoandikwa kwa Kiswahili, ndivyo maneno yatakavyoamua kitakachonunuliwa, kitakachofundishwa na kitakachojengwa.

2.0 Udongo na moto kabla ya kiwanda

Bonde la Naili ni miongoni mwa maeneo ya Afrika ambako ufinyanzi una umri mkubwa. Katika miaka ya 1944 na 1945, A. J. Arkell alichimbua Khartoum makazi ya kale ya wavuvi na wawindaji ambao, maelfu ya miaka kabla ya Kristo, walikuwa wakifinyanga vyungu vyenye mapambo ya mistari ya mawimbi. Wafinyanzi hao walitangulia kilimo. Kusini zaidi, watafiti wa Taasisi ya Uingereza katika Afrika Mashariki walifanya misafara ya kiakiolojia kati ya mwaka 1977 na 1981 katika eneo ambalo sasa ni Sudan Kusini. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1982 chini ya uhariri wa John Mack na Peter Robertshaw, na sehemu kubwa ya ushahidi wao ilikuwa vigae. Katika ukanda wa Maziwa Makuu, vyungu vya Urewe, vilivyopewa jina la eneo lililoko Siaya nchini Kenya, ni alama ya jamii za kale za wakulima na wafua chuma.

Kinachotuhusu hapa ni maarifa yaliyomo ndani ya kigae. Mfinyanzi wa kijijini huchoma vyungu vyake uwanjani au kwenye joko, kwa kuni, nyasi na magome. Joto la moto wa namna hiyo kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 600 na 900 za Selsiasi. Maji yaliyo huru hutoka kwanza, karibu na nyuzi 100. Ndiyo maana chungu kisichokauka vizuri hupasuka mapema. Kisha, kati ya nyuzi 450 na 600 hivi, maji yaliyofungwa ndani ya madini ya udongo hutoka, na kuanzia hapo hakuna kurudi nyuma: udongo hauwezi tena kuloweka ukawa tope. Katika nyuzi 573, mchanga wa kwazi uliomo ndani ya udongo hubadili umbo lake na kutanuka ghafla. Mfinyanzi anayeharakisha moto katika hatua hiyo hubaki na vipande.

Wafinyanzi hawakuwa na kipimajoto, lakini walikuwa na kanuni. Mojawapo, inayopatikana katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, ni kuchanganya udongo na mchanga au na vigae vilivyopondwa. Msomaji anaweza kudhani kwamba udongo safi zaidi hutoa chungu bora zaidi. Kwa chungu cha kupikia, kinyume chake ndicho kweli. Punje kubwa zilizotawanyika ndani ya ukuta wa chungu huupotosha na kuuzuia ufa mdogo unaoanza pale chungu cha moto kinapotiwa maji baridi. Chungu chenye punje ndogo tupu huwa kigumu, lakini ufa ukianza hukimbia hadi mwisho. Kwa hiyo uchaguzi wa ukubwa wa punje ni uamuzi wa kifundi unaotegemea matumizi. Hilo tutalirejea, kwa sababu ndilo linalosahaulika tunapotafsiri.

Ushahidi wa pili ni wa wafua chuma. Mtaalamu wa mimea Georg Schweinfurth, aliyesafiri katika Bahr el Ghazal kati ya mwaka 1868 na 1871, aliacha maelezo na michoro ya matanuri ya udongo ya Wabongo, watu wa eneo ambalo leo ni Sudan Kusini. Upande wa Kagera, Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza mwaka 1978, katika jarida la *Science*, matokeo ya utafiti wao kuhusu uyeyushaji wa chuma wa Wahaya na wahenga wao. Walieleza kwamba mirija ya udongo ya kupitishia hewa ya mivukuto iliingizwa ndani kabisa ya tanuri, na hewa ikapata joto kabla ya kukutana na makaa. Wataalamu wamejadiliana sana kuhusu undani wa dai hilo, lakini jambo moja halina ubishi: mirija hiyo ilipaswa kustahimili joto lililoyeyusha uchafu wa madini. Aliyefinyanga mirija ya tanuri la chuma na aliyefinyanga chungu cha maji hawakuchanganya udongo wao kwa namna moja. Kila mmoja alikuwa na kauri yake, na kila kauri ilikuwa na punje zake.

3.0 Kauri ya mbali, gae la nyumbani

Pwani ya Waswahili ilipokea kauri za nje kwa karne nyingi. Vipande vya bakuli za Kichina na za Kiislamu vimepatikana Kilwa, na pia Gedi, ambako James Kirkman alianza uchimbuaji mwaka 1948. Katika makaburi ya nguzo ya Mambrui na Kunduchi, bakuli na sahani za kigeni zilipachikwa ukutani kama mapambo. Jikoni mlikuwa na chungu cha mfinyanzi wa karibu. Kaburini, penye heshima, mliwekwa sahani ya ng'ambo. Mgawanyo huo wa heshima haujaisha.

Lugha nayo ilihifadhi historia hiyo. Neno *kauri* lina maana mbili katika Kiswahili: simbi wa baharini na udongo mweupe ung'aao wa vyombo vya thamani. Inavutia kwamba Waitalia nao walifanya vivyo hivyo. Neno lao *porcellana* lilikuwa jina la simbi kabla ya kuwa jina la vyombo kutoka China, na lugha nyingine za Ulaya zikalipokea. Watu wa bahari mbili tofauti waliitazama sahani ya China, wakakumbuka ganda moja. Neno *tanuri* lina safari ndefu zaidi, kwa kuwa linatokana na Kiarabu *tannūr*, ambalo lina ndugu katika Kiakadi cha Mesopotamia, *tinūru*. Na katika Kiarabu, tofali huitwa *ṭūb*, neno lililopitia Kikopti kutoka Kimisri cha kale, na ambalo huko Hispania lilizaa *adobe*. Mtu wa Juba anayetaja tofali kwa Kiarabu hutamka neno lililozaliwa kwenye mto ule ule, maelfu ya miaka iliyopita.

Siri ya kauri ya China ilikuwa katika mambo mawili: udongo mweupe wa kaolini, unaobeba jina la eneo la Gaoling karibu na Jingdezhen, na joto la nyuzi zipatazo 1,300. Ulaya ilihangaika kwa vizazi kabla ya Meissen, Ujerumani, kufanikiwa kuzalisha kauri ngumu kuanzia mwaka 1710. Kaolini ilikuwapo kwetu pia. Vilima vya Pugu, karibu na Dar es Salaam, vinajulikana kwa hazina yake, na Uganda ina yake. Kiwanda cha Uganda Clays cha Kajjansi kilianzishwa mwaka 1950, na vigae vyake vimeezeka nyumba nyingi za Kampala. Hata hivyo, kauri zenye thamani kubwa zaidi, kama vile vihami vya umeme, meno ya bandia na sehemu za injini, kwa sehemu kubwa huendelea kuja kwa meli. Wahenga walisema kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Methali hiyo kwa kawaida humlenga fundi anayewatengenezea wengine na kujisahau mwenyewe. Katika historia hii inaihusu kanda nzima.

4.0 Jiko la Nairobi: udongo ndani ya bati

Kuna mfano mmoja wa karibu unaoonesha kwamba mnyororo wa fundi na mtafiti unaweza kuungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kenya ilikabiliwa na upungufu wa kuni na bei kubwa ya makaa. Mradi wa nishati jadidifu wa serikali, kwa msaada wa Marekani, uliwakutanisha watafiti na mafundi wa jua kali, wakiwamo wale wa Shauri Moyo, Nairobi. Walichukua wazo la jiko la ndoo kutoka Thailand na kulirekebisha. Matokeo yake ni jiko lenye bati nje na tumbo la udongo uliochomwa ndani, ambalo leo linajulikana kote Afrika Mashariki.

Ugumu haukuwa katika kuchora jiko. Bati na udongo havitanuki sawa vikipata joto, na majiko ya awali yalipasuka matumbo. Ufumbuzi ulipatikana kwa majaribio: jiko lenye kiuno chembamba, udongo ukiwekwa sehemu ya juu tu, ukishikizwa kwa saruji iliyochanganywa na madini mepesi yanayozuia joto. Vipimo mbalimbali vimeonesha kwamba jiko hilo hupunguza matumizi ya makaa kwa takribani asilimia 30 hadi 50 likilinganishwa na jiko la bati tupu. Kwa familia ya Gudele inayopikia makaa kwenye *kanun* ya bati, tofauti hiyo ni pesa ya chakula.

Tunajifunza nini? Kwamba tatizo la kuunganisha kauri na metali, ambalo tutalikuta katika injini za ndege, lilikwisha kukabiliwa na mafundi wa Nairobi kwa mikono yao. Walilielewa bila istilahi, na walipokutana na wenye istilahi, walisonga mbele kwa kasi.

5.0 Kauri za kunyunyizwa

Karne ya 20 ilileta njia ambayo haikuhitaji tanuri kubwa. Mwanzoni mwa karne hiyo, Max Ulrich Schoop wa Zürich, Uswisi, alibuni mbinu ya kuyeyusha metali na kuipuliza kwa hewa ya nguvu hadi ishike kwenye uso wa kitu kingine. Husimuliwa kwamba wazo lilimjia alipowaona watoto wakifyatua risasi kwenye ukuta wa bustani na risasi zikabaki zimebandikwa hapo. Kwa metali, moto wa gesi ulitosha. Kauri zilihitaji zaidi, kwa sababu alumina huyeyuka katika nyuzi zaidi ya 2,000, na zirkonia karibu na 2,700. Suluhisho kubwa lilikuja katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, kupitia bunduki za mlipuko na bunduki za plazima. Plazima ni gesi iliyopitishwa katika umeme mkali hadi kiini chake kupita nyuzi 10,000.

Utendaji wake ni huu. Unga wa kauri, wenye chembe za maikromita 10 hadi 100 hivi, huingizwa katika mwali. Kila chembe huyeyuka ikiwa safarini, huugonga uso uliolengwa na kutandazika kama tone la uji kwenye sakafu, kisha huganda kwa kasi ya takribani nyuzi milioni moja kwa sekunde. Tabaka hujengeka tone juu ya tone. Kwa kuwa muda wa kuganda ni mfupi mno, fuwele hazipati nafasi ya kukua. Ndani ya kila tone lililotandazika huwa na punje ndogo kuliko maikromita moja, na katika michanganyiko fulani, kama alumina na zirkonia au alumina na yitria, sehemu ya kauri huganda bila fuwele yoyote, mithili ya kioo.

Hapo ndipo hatua ya pili huingia. Tabaka au kipande hicho hutiwa joto tena, safari hii taratibu na kwa kipimo. Katika nyuzi zipatazo 900 hadi 1,000, kioo cha alumina na zirkonia huanza kuzaa fuwele. Fuwele zikizaliwa nyingi kwa wakati mmoja, kila moja hubanwa na jirani zake, na matokeo huwa kauri yenye punje za makumi ya nanomita. Joto likizidi, au muda ukirefuka, punje kubwa humeza ndogo, na faida hupotea. Alumina pekee ina tabia yake: ikigandishwa ghafla hupata umbo lisilo tulivu, ambalo hugeuka kuwa umbo tulivu na gumu zaidi ikitiwa joto la zaidi ya nyuzi 1,100 hivi, na mgeuko huo huambatana na kusinyaa kunakoweza kuleta nyufa.

Matumizi yake si ya kufikirika. Katika miaka ya 1960, zirkonia ya kunyunyizwa iliikinga injini ya roketi ya ndege ya majaribio X-15. Leo tabaka la zirkonia iliyochanganywa na yitria ndilo linalozikinga sehemu za moto za injini za kisasa za ndege, zikiwamo ndege zinazotua Juba. Madini yaliyomo katika mifupa hunyunyiziwa kwenye nyonga za bandia ili mfupa wa mgonjwa ushike, na mara nyingine tabaka hilo hutiwa joto baadaye ili kurejesha fuwele zilizopotea katika mwali. Aidha, mwaka 1975 R. C. Garvie na wenzake walionesha katika jarida la *Nature* kwamba punje za zirkonia zikidhibitiwa ukubwa, zinaweza kubadili umbo mbele ya ufa na kuuziba. Mfinyanzi aliyeponda vigae na kuvichanganya kwenye udongo wake angeielewa kazi hiyo bila shida: punje iliyowekwa mahali pake humfunga ufa miguu.

Tofauti kati ya tanuri la kingo za Naili na bunduki ya plazima ni kubwa kwa vifaa, gharama na hesabu. Swali lao ni moja. Fundi anayegonga tofali kusikiliza kama limeiva, na mhandisi anayepima punje kwa hadubini ya elektroni, wote wanauliza kama joto lilitosha bila kuzidi.

6.0 Mahali ambapo lugha inaweza kuvunja kitu

Kiswahili kimewahi kukabiliana na kazi ya aina hii. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1930, Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania la mwaka 1967, na *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* ya mwaka 1990 ni hatua za safari hiyo. Sasa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina wajibu kwa nchi ambazo Kiswahili chao kimepita njia tofauti, Sudan Kusini ikiwa mojawapo. Kwa hiyo inafaa kuonesha, kwa mifano mitatu, jinsi tafsiri ya haraka inavyoweza kupotosha.

Mfano wa kwanza ni neno *laini*. Tunasema unga laini, mchanga laini, na pia ngozi laini, mkate laini. Neno moja hubeba udogo wa chembe na ulegevu wa kitu. Mfasiri atakayeandika "kauri laini" kwa maana ya kauri yenye punje ndogo atamwambia msomaji kinyume cha ukweli, kwa sababu aghalabu punje zinavyokuwa ndogo ndivyo kauri inavyokuwa ngumu na imara. Hata "kauri ya punje laini" haijaondoa utata, kwani msomaji anaweza kudhani punje zenyewe ni legevu. Afisa ununuzi anayesoma hati ya namna hiyo anaweza kukataa bidhaa sahihi, au kukubali isiyofaa, kwa nia njema kabisa. Tunapendekeza *kauri ya punje ndogo*.

Mfano wa pili ni *chembe* na *punje*. Katika maandishi yetu mengi hutumika kwa kubadilishana. Katika unyunyizaji wa kauri ni vitu viwili. Chembe ni kipande cha unga kinachoingia katika mwali. Punje ni fuwele inayozaliwa ndani ya tone lililoganda. Anayevichanganya atadhani kwamba ili kupata punje ndogo anunue unga mdogo zaidi. Akinunua unga ulio mdogo mno, hautiririki ndani ya mirija ya bunduki. Hugandamana na kuziba. Ndiyo maana unga wa nanomita hufungwa kwanza katika vidonge vikubwa au huchanganywa na kimiminika. Tunapendekeza *chembe* ibaki kwa unga na *punje* kwa fuwele, bila kubadilishana.

Mfano wa tatu ni kiunganishi tu. "Unyunyizaji wa joto" humaanisha kwamba kinachonyunyizwa ni joto. "Unyunyizaji kwa joto" humaanisha kwamba joto ndilo nyenzo. Herufi chache zinatenganisha upuuzi na maana. Kwa hatua inayofuata, *utiaji joto* linafaa kuliko "uchomaji", kwa sababu *kuchoma* kumekwisha kubeba kazi nyingi: kuchoma nyama, kuchoma takataka, kuchoma tofali.

Lakini hatupaswi kuliacha neno la fundi. *Kuiva* na *-bichi*, yaliyotoka jikoni yakahamia kwenye tanuri la matofali, yanaeleza jambo ambalo istilahi ngeni hulieleza kwa maneno marefu: kwamba mabadiliko yamefika mahali pasiporudi nyuma. Kauri iliyotiwa joto hadi fuwele zake zikazaliwa kwa kipimo inaweza kuitwa *kauri iliyoiva*, na iliyozidishiwa joto ikaota punje kubwa ikaitwa *iliyopitiliza*. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi Juba, ambaye mama yake anapika na mjomba wake anachoma matofali, atalielewa somo hilo siku ya kwanza.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia tuliyoifuata haioneshi njia iliyonyooka kutoka kwenye ujinga hadi kwenye ujuzi. Inaonesha maarifa yaliyokuwapo, yaliyosahauliwa heshima yake, na yanayoweza kuunganishwa upya. Tunatoa mapendekezo matatu.

Kwanza, orodha za istilahi za uhandisi wa vifaa zikusanywe kwanza kwa wafinyanzi, wafua chuma na wachoma matofali, wakiwamo wale wa Juba wanaochanganya Kiswahili, Kiarabu cha Juba na lugha zao za nyumbani. Kamusi ya kigeni ije baadaye kuziba mapengo.

Pili, viwango vya matofali ya kuchoma vinavyotolewa katika kanda viandikwe pia kwa Kiswahili kinachoeleweka matanurini. Tofali bichi ukutani halibagui lugha. Linaanguka juu ya anayelala chini yake, na kuni zilizolichoma nusu zimekwisha kupotea pamoja na miti iliyozitoa.

Tatu, vyuo vikuu vya kanda viwe na mahali ambapo mhandisi wa kauri, mwanahistoria na mwanaisimu wanaketi pamoja kabla ya istilahi kusanifishwa. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ile ya kurekebisha hati zilizokwisha kusambaa.

Wahenga walituachia methali nyingine ya ufinyanzi: udongo uwahi ungali maji. Sera ya Kiswahili ya Sudan Kusini bado ni udongo mbichi. Maneno yatakayotiwa humo sasa yatachomwa pamoja na sera, na baada ya hapo kuyabadili kutahitaji kuvunja chombo. Fundi wa Gudele alihitaji kijiwe kimoja na sikio kutambua kipi kimeiva. Nasi, kabla ya kuidhinisha neno lolote, tuligonge kwanza tulisikilize.